Namba Ishirini na Tisa

Subilaga mwanangu,

Gwakisa akikukabidhi bahasha hii usimwulize kitu, maana hajui kilichomo. Nimemwambia ni nakala za vyeti vyako nilizozitoa ofisini, naye, fundi umeme mzima na miaka yake yote hapa kiwandani, ameamini bila swali. Akitoka zamu jioni atapita nyumbani, mtaa wetu wa Bagamoyo hapa hapa Rungwe, atakukuta wewe na mama yako mkigombana juu ya sanduku kubwa. Nilitaka niwepo kwenye ugomvi huo. Lakini vitanda vyote kumi na viwili vya kiwanda vimejaa majani ya chai, mvua haijakatika tangu Alhamisi, na meneja amesema nisitoke kwenye chumba hiki cha kompyuta mpaka kesho saa nne asubuhi. Basi lako linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo hatuonani.

Najua utakasirika. Mimi nimekasirika tangu asubuhi, na kwa kuwa humu hakuna wa kumgombeza, nimeamua kuandika.

Sitakuambia habari za sweta, wala za maji ya kuchemsha, wala za kupiga simu kila Jumapili. Mama yako anayo orodha, nimeiona mezani, ina kurasa mbili na bado anaongeza. Mimi nina jambo la kukiri. Nimezunguka nalo mwaka mzima kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu, na sina ujasiri wa kulisema nikiwa nakutazama usoni. Afadhali hivi, ulisome nikiwa nimefungiwa huku.

Nitaanza mbali kidogo. Mama yako naye ataisoma barua hii, usijidanganye kwamba utaificha, na miaka yote ameniuliza ni kitu gani hasa kinachonishika humu ndani hata sikukuu, nami nikawa namjibu, "Mambo ya kompyuta hayo, Mama Subi, huwezi kuelewa." Angeelewa vizuri tu. Nilikuwa sitaki aelewe, kwa sababu angecheka. Basi wewe niwie radhi, unayajua haya kuliko mimi. Vumilia nimwambie mama yako.

Mama Subi, majani mabichi yakifika kiwandani hayasagwi hapo hapo. Yanamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zinapuliza hewa kutoka chini ili yanyauke taratibu. Hewa ikipungua majani yanapata joto, yanageuka mekundu, yanaanza kunuka, na kazi ya watu waliochuma siku nzima mgongoni wamebeba vikapu inakwenda kumwagwa bondeni. Kila kitanda kina vipimo vya joto na unyevu, na kila feni ina kisanduku chake kinachopokea amri. Walipoleta kompyuta ya kuziongoza hizo feni, mimi ndiye niliyekuwa msomi wa kiwanda. Nilikuwa nimerudi na diploma yangu, nimevimba kichwa, natembea hata kwenye tope kama nimevaa tai.

Ndani ya kompyuta kuna kerneli, ndiyo kiini cha mfumo wote. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa waya wa mtandao yenyewe. Ikitaka kuzungumza na kitu cha nje inaiomba kerneli soketi, yaani mdomo wa kusemea na sikio la kusikilizia, na inapoomba lazima itaje itatumia anwani za aina gani. Intaneti ina aina yake ya anwani. Simu zinazorushiana picha bila waya zina aina yake. Hizo aina ndizo tunaita familia za anwani, na kila familia ina namba yake kwenye jedwali lililo ndani ya kerneli. Jedwali lenyewe ni fupi, namba hazifiki hamsini, na karibu zote zina mwenyewe.

Mtu mwenye akili zake angetumia anwani za kawaida za intaneti, angeipa kila feni anwani moja, angeandika programu ndogo, halafu angerudi nyumbani kula. Mimi sikutaka. Nilitaka kerneli yenyewe ijue kitanda ni nini. Nilitaka programu iseme tu, nipe kitanda cha nne, feni ya pili, jinsi sisi huku tunavyomwelekeza mgeni kwa kumwambia ashuke chini ya kanisa, avuke kijito, aulize kwa mzee fulani. Nikaandika moduli, kipande cha programu kinachochomekwa ndani ya kerneli, na humo nikajitengenezea familia yangu mwenyewe ya anwani. Niliiita Majani. Ilinichukua miezi saba. Siku ilipofanya kazi nilimwita Gwakisa aje kuona, akatazama kioo, akatazama nje, akasema, "Feni inazunguka. Hata jana ilikuwa inazunguka." Nilimnunia wiki nzima.

Tatizo lilikuwa namba. Nilihitaji namba kwenye lile jedwali na hakukuwa na iliyo wazi. Ustaarabu ni kuwaandikia watu wanaoitunza kerneli, ueleze kazi yako, uombe, usubiri. Lakini nilijua wataniuliza kwa nini situmii anwani za kawaida kama watu wengine, na sikuwa na jibu ambalo lingesimama mbele za watu wazima. Kwa hiyo sikuomba. Nilipekua jedwali, nikaona namba ishirini na tisa ni ya mtandao unaotumika ndani ya magari na mitambo mikubwa. Nikajiambia, huku Rungwe nani atakuja kuchomeka gari kwenye kompyuta ya chai? Ile familia yenye namba yake ilikuwa imelala, haijapakiwa, nami nikajikalia pale. Sikumwambia mtu. Sikuandika popote.

Subi, huko uendako mtakaa wengi chumba kimoja cha kazi, wote mnazijua kompyuta. Mwenzako akikuuliza kwa nini umefanya hivi na ukajisikia moto unapanda shingoni, simama hapo hapo. Mimi ule moto niliuita kipaji.

Sasa nakuja kwenye mazishi ya bibi yako. Ulikuwa na miaka minane na nadhani unakumbuka zaidi ya unavyosema.

Wiki ile kiwanda kilikuwa kimeletewa mashine mpya ya kukaushia. Mimi nilikuwa Ikuti, kijijini kwetu, kwa sababu mama alikuwa amefariki, na mafundi waliokuja na mashine wakaichomeka kwenye kompyuta ile ile ya feni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Mashine yao ilikuwa inazungumza kwa mtandao wa mitambo. Namba yake halali ni ishirini na tisa. Waliposhika kompyuta wakaizima na kuiwasha upya, mwenye namba akaingia kwanza, akakaa kwake. Moduli yangu ilipofika kujiandikisha, kerneli ikaijibu kwamba namba hiyo ina mtu. Feni zote zikasimama. Na kwa kuwa hakukuwa na karatasi hata moja inayoeleza nilichofanya, hakuna aliyejua hata pa kuanzia.

Gari la kiwanda lilifika Ikuti jeneza likiwa limeshashushwa, mchungaji anafungua kitabu. Dereva alipita katikati ya migomba na viatu vimejaa udongo, akaninong'oneza, "Bosi, vitanda vimekufa vyote." Nilikuwa nimeshika udongo mkononi. Kwetu watoto wa marehemu ndio wanaoanza kutupia udongo, kisha vijana wanafukia, na mtoto haondoki uwanjani mama yake akiwa hajafunikwa. Hili halihitaji kufundishwa. Mimi niliuweka ule udongo chini, sikuutupia kaburini, nikafuta mikono kwenye suruali.

Baba yako mkubwa Andulile alinishika bega. "Wee, unaenda wapi? Juba, mama yetu, hajafunikwa."

"Kiwandani kuna shida. Narudi sasa hivi."

"Majani, Anyosisye? Unamwacha mama kaburi likiwa wazi unaenda kuangalia majani? Jambo baya fijo hili, mbele za watu."

Wewe ulikuwa umeshika kona ya koti langu. Nilikutoa vidole kimoja kimoja, na ulikuwa unavirudisha.

Kosa nililipata kwa dakika ishirini, na kulificha kulinichukua siku mbili. Nilihamisha mashine mpya kwenye kompyuta nyingine, nikamwambia meneja kwamba mafundi wake wameleta kitu kibovu, na mafundi wa watu wakasemwa vibaya kwa kosa langu. Kisha nikaifungia kerneli ya kompyuta hii: nikatoa amri isibadilishwe tena, toleo jipya lisiingie, mtu asiguse. Niliporudi Ikuti watu walikuwa matangani wanakula, kaburi limeshapangwa mawe. Mpaka leo Andulile akinisalimia ananipa vidole viwili. Nilimkasirikia sana miaka ya mwanzo. Siku hizi nikiona anakuja nauandaa mkono wangu mapema ili asipate shida.

Ungedhani baada ya hapo ningeibomoa ile kazi. Niliilinda zaidi. Kerneli za dunia ziliendelea kubadilika, kila toleo wanageuza umbo la vitu ambavyo moduli yangu ilikuwa imevishikilia, na kila mwaka uliopita ulifanya kuhama kuwe kugumu zaidi. Kompyuta ikiharibika tunatafuta kuukuu ya aina ile ile, hadi Mbeya, hadi Iringa. Sijachukua likizo ya kueleweka tangu ulipokuwa darasa la tatu. Mahafali yako ya chuo, Mbeya hapo, kilomita sabini, sikuja. Nilikwambia kuna ukaguzi. Hakukuwa na ukaguzi. Kitanda cha saba kilikuwa kinakata na kurudi, na niliogopa kama sipo wataita mtu mwingine, halafu huyo mtu mwingine ataona.

Unaelewa? Watu walinihurumia kwamba kiwanda kimenifunga. Mkurugenzi mmoja alinipa hata cheti cha uaminifu, kipo ukutani sebuleni, mama yako anakifuta vumbi. Kumbe mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe na nikakaa nyuma yake nikisikiliza nani anakuja.

Halafu ukaja wewe. Nataka ujue jambo moja lisilo na hila ndani yake: jioni zile nilizokufundisha kuandika programu, tumekaa jikoni, mama yako anapika ndizi za mbalaga na sisi tunagombana juu ya mabano, zilikuwa jioni nzuri kuliko zote maishani mwangu. Nilikupenda kama mtoto na nikakupenda kama mwenzangu wa kazi. Ulipomaliza chuo ukakubali kuja kukaa nami humu nilifurahi mpaka nikaona aibu. Hila ilikuja baadaye, ilipoingia akilini kwamba nikichoka, wewe upo.

Ulikuwa na mwezi wa pili humu ulipoliona lile tundu.

"Baba, mbona hapa hukuachia?"

"Wapi?"

"Hapa. Programu ikifa ghafla, soketi inafungwa lakini hesabu haishuki. Kerneli inaona bado kuna mtu ameishika moduli. Kwa hiyo haitoki. Hata ukitaka kuitoa, haitatoka milele mpaka uzime kompyuta nzima."

Nilijua. Nilijua miaka kumi na kitu. Nikakwambia, "Ilikuwa hivyo kabla wewe hujajua kusoma, na chai inatoka." Lakini wewe ni mtoto wangu, kichwa kigumu, na baada ya wiki mbili ukaja na karatasi nne.

Karatasi nne tu, Subi. Anwani za kawaida, hakuna moduli, hakuna namba ya kuazima, programu ya kawaida inayokaa nje ya kerneli, ambayo mtu yeyote aliyesoma chuo chochote anaweza kuisoma akiwa anakunywa uji. Ukaiweka kwenye kitanda cha tatu na cha nne kwa wiki moja kama majaribio. Meneja alikuwa na hamu sana. Aliniita, akauliza, "Mzee, ile ya binti imekwendaje?"

Nikamwambia ilipoteza ujumbe. Nikamwambia siku ya mvua kubwa ilipoteza ujumbe mara kadhaa na kwamba ni hatari.

Haikupoteza hata mmoja. Nilikesha nayo nikiiombea ianguke, na haikuanguka. Ilipofika asubuhi ya siku ya saba nilitazama kumbukumbu zote za majaribio, nikaona ziko sawasawa, nikazifuta.

Uliniuliza, "Ilipoteza ngapi, baba?" Nikajibu, "Za kutosha." Ulikuwa umeshika kikombe. Ukakiweka, ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Miezi mingi baada ya hapo nilikuona ukipekua zile karatasi zako ukitafuta kosa. Nilikuwa napita nyuma ya kiti chako kwenda kuchukua chai, nakuona unatafuta kitu ambacho hakipo, na nilinyamaza. Hakuna kosa kwenye kazi yako. Nakuandikia tena, hakuna kosa.

Kuna lingine, nalo ni baya zaidi.

Mwaka jana, ulipokwenda Lufingo kumsaidia mama yako mdogo kuvuna viazi, simu yako uliisahau humu ikichajiwa. Ililia. Nikapokea. Alikuwa mama mmoja wa Kigali, ana Kiswahili cha upole, akaniuliza kama anaweza kuzungumza na Subilaga kuhusu maombi yake ya kazi, kwamba wameipenda kazi yake na wangetaka jibu kabla ya Ijumaa. Nikamwambia, "Mimi ni baba yake. Ameshapata kazi huku nyumbani, hana nia ya kuhama. Asanteni sana." Yule mama akanitakia heri. Nikaifuta ile namba kwenye simu yako, nikairudisha kwenye chaja kama ilivyokuwa.

Sikupanga. Hiyo siyo kujitetea, ni kwamba nataka ujue jinsi ilivyo rahisi. Ilikuwa dakika mbili, tena nilizungumza kwa adabu.

Ulisubiri wiki sita. Jioni moja nilikuwa barazani navua mabuti nikakusikia ndani unamwambia mama yako, "Labda sikufaa tu, mama." Naye akasema, "Watakuwa na wao wenyewe huko." Nilikaa pale na buti moja mguuni mpaka baridi ikanipanda. Kisha nikaingia nikauliza chakula ni nini.

Uliomba tena kule kule mwaka huu bila kuniambia. Barua ya kukubaliwa ulinionyesha ikiwa imeshasainiwa. Sijui kama ulikuwa umeanza kuhisi, na sitakuuliza. Nilikukumbatia, na nilikuwa nimefurahi kweli, na papo hapo nikawa nahesabu nani atakaa zamu ya Jumamosi.

Sasa sikiliza la wiki tatu zilizopita, maana hili linakuhusu kuanzia kesho. Meneja aliniita. Akasema, "Binti anaondoka, nimesikia. Ni vizuri. Lakini mzee, wewe miguu hiyo, presha hiyo. Anarudi lini?"

"Miezi mitatu," nikasema. "Anakwenda kuongeza ujuzi tu. Atarudi kushika chumba."

"Na tukikwama katikati?"

"Ataingia kwa mtandao akiwa huko huko. Ni dakika chache."

Akafurahi. Akaandika kwenye daftari lake. Yaani nimekuahidi, Subi, bila kukuuliza, kwa mtu ambaye mvua ikinyesha atakupigia simu ukiwa kazini kwa watu, na ukisita atakwambia baba yako ameanguka kwenye ngazi za kiwanda. Na atakuwa hajadanganya sana. Nimekuwa nikizipanda hizo ngazi kwa kushika ukuta.

Leo mchana nilikwenda mlangoni kwake nimwambie ukweli wote. Karatasi zako nne nilikuwa nimezikunja mfukoni. Nilikuwa nimejipanga maneno: programu ya binti ilifanya kazi, mimi nilidanganya, iwekeni, nipumzike. Akafungua, akasema, "Vipi mzee, vitanda viko sawa?" Nikasema, "Viko sawa." Akasema, "Ndaga fijo," anajitahidi kushukuru kwa lugha yetu, na mimi nikageuka nikarudi huku. Hatua arobaini na kitu. Sikuweza. Nikimwambia, kesho kijana yeyote ataiweka ile programu kwa wiki mbili, na kiwanda kizima kitajua kwamba miaka yote hii haikuhitajika. Mazishi hayakuhitajika kuachwa. Andulile atajua. Mama yako atakishusha kile cheti ukutani au atakiacha, na sijui lipi litaniuma zaidi.

Labda nitaweza wiki ijayo. Siahidi kitu, nimeshaahidi vya kutosha kwa jina lako. Mama Subi, kama umefika hapa, tutazungumza nikirudi, usinipigie.

Nilipoketi tena niliogopa sana, mwanangu, siyo kumwogopa meneja. Nilijiogopa mwenyewe. Kwa sababu najua nitakavyokuwa. Nikawaza ni kitu gani ninachoweza kufanya bila kutoka kwenye kiti hiki na bila kumtazama mtu machoni, maana hicho ndicho kipimo cha ujasiri wangu leo, na kikapatikana kimoja.

Kompyuta hii inakutambua kwa ule ufunguo wa siri ulio kwenye laptop yako. Mwenzake yuko humu, mstari mmoja mrefu wa herufi wenye jina lako mwishoni. Nimeufuta. Nimefuta na jina lako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, na nakala zake nimezitafuta zote nikazitoa. Kisha nikajaribu kuingia kwa jina lako ili nione. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Humu hujulikani tena.

Nitakupigia, Subi. Siku moja mambo yatanizidi na nitakupigia, nitasema ni mara hii tu, nitakutajia joto la majani na watu waliochuma, na nikiona unasita nitalia, maana nikizidiwa nalia. Utafungua laptop. Mlango hautafunguka, na nitaanza kukubembeleza upokee ufunguo mpya.

Usinijibu. Kata simu, mwanangu. Ukikata nitajua umefika.

Baba yako,
Anyosisye